Koleo Si Dawa ya Fizi

Liko jambo moja ambalo watu wazima wengi wa nchi hii hulifanya kila asubuhi bila ya kulitilia maanani. Mtu anapiga mswaki, anatema mate, anaona wekundu wa damu ndani ya beseni, kisha anafungua bomba na damu ile inakwenda zake. Angeiona damu hiyo katika mkojo wake, angekimbilia hospitali siku ile ile. Angeiona katika makohozi yake, angeomba ruhusa kazini akapimwe kifua. Lakini kwa kuwa imetoka kwenye fizi, anasema mswaki ni mgumu, anafuta midomo na kuondoka kwenda ofisini au darasani. Miaka 15 baadaye mtu huyo huyo ameketi kwenye benchi la kliniki ya meno, ameshika shavu, anaomba ang'olewe jino linalocheza. Anang'olewa, anashukuru, anarudi nyumbani na pamba mdomoni akiamini kwamba ametibiwa.

Huyo hakutibiwa. Amepunguziwa jino moja, basi. Kuling'oa jino lililolegezwa na ugonjwa wa fizi bila ya kuugusa ugonjwa wenyewe ni sawa na kuing'oa nguzo iliyoliwa na mchwa na kuwaacha mchwa waendelee na nguzo ya pili. Na ndivyo inavyokuwa. Mwaka unaofuata mtu huyo atarudi kwenye benchi lile lile kwa ajili ya jino la jirani.

Mazoea haya ya kulifanya koleo kuwa tiba ya kwanza na ya mwisho ya ugonjwa wa fizi hayana budi kukomeshwa. Hayatokani na umaskini peke yake, wala hayatokani na ukosefu wa elimu peke yake, maana wanaoyafuata si wakulima walio mbali na hospitali tu. Wamo makarani, wamo maafisa wa wilaya, na wamo walimu wa sekondari wanaofundisha biolojia na kuchora jino ubaoni pamoja na mzizi wake na mfupa unaoushika. Mtu anaweza kulichora jino ubaoni kwa ufundi mkubwa, na wakati huo huo akalipoteza la kwake kwa uzembe.

ADUI ASIYEUMA

Ni vizuri ukweli wa ugonjwa huu uelezwe waziwazi. Kinywani mwa kila mtu, awe tajiri au maskini, huota utando laini wa vijidudu juu ya meno. Utando huo huondoka kwa mswaki. Ukiachwa kwa siku kadhaa, madini yaliyomo ndani ya mate huugandisha ukawa mgumu kama chokaa. Huo ndio ugaga, ambao wengine huuita ukoga. Ugaga ukishaganda hautoki kwa mswaki, hautoki kwa mkaa, hautoki kwa majivu wala kwa limau. Uso wake unaparuza, na humo utando mwingine hupata mahali pazuri pa kujishikiza. Ndivyo unavyojenga tabaka juu ya tabaka, kwanza mahali panapoonekana, halafu chini ya ufizi mahali pasipoonekana.

Hapo ufizi huvimba, huwa mwekundu na huvuja damu. Katika hatua hiyo ya kwanza mambo bado hayajaharibika. Mwaka 1965 watafiti wa Aarhus, nchini Denmark, wakiongozwa na Harald Löe, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo linafaa kujulikana na kila mwalimu. Watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kusafisha meno yao. Katika muda wa siku 10 hadi 21, wote walikuwa na fizi zenye ugonjwa. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zao zilipona katika muda wa kama wiki moja. Ushahidi huo unatosha kumnyamazisha kila anayekimbilia kusema kwamba damu ya fizi ni ya ukoo, au ni ukali wa mswaki, kabla ya kuutazama kwanza usafi wa kinywa chake.

Lakini mtu akiendelea kupuuza, ufizi hubanduka kutoka kwenye jino, na kati yao hutokea mfuko. Kwa mtu mwenye afya nafasi hiyo ina kina cha milimita 1 hadi 3. Inapofika milimita 4, 5 au zaidi, mswaki haufiki tena chini yake. Humo vijidudu hustawi, na mwili, katika kupigana navyo, huteketeza nyuzi zinazolishika jino na mfupa wa taya unaolibeba. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mfupa huliwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na jambo la hatari zaidi ni kwamba kwa kawaida hauumi. Jino lililotoboka humwamsha mwenyewe usiku wa manane. Ugonjwa wa fizi hunyamaza mpaka siku jino linapocheza kwenye kipande cha muhogo.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, na kwamba Mwafrika ana meno ya chuma. Na watazame basi kwa wafanyakazi wa mashamba ya chai wa Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba hayo, ambao hawakuwa na mazoea ya kupiga mswaki wala hawakupata huduma yoyote ya meno. Takriban wote walikuwa na utando na ugaga mwingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Asilimia 8 walikuwa na ugonjwa uliokwenda mbio na kuwamalizia meno mapema. Asilimia 81 walikuwa na ugonjwa uliokwenda polepole. Na asilimia 11 tu ndio ambao ugonjwa haukupita hatua ya kuvimba kwa fizi.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ugonjwa huu hauwashiki watu wote kwa ukali ule ule, na hata uchunguzi wa watu wazima wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na ugaga mwingi bila ya kuwa na mifuko mirefu kila mahali. La pili ni kwamba hakuna mtu awezaye kujijua kwa kujitazama kwenye kioo kama yumo katika wale 8, wale 81 au wale 11. Anayejitapa kwamba babu yake alikufa na meno yote 32 anacheza bahati nasibu na taya lake mwenyewe.

Tena si ugonjwa wa wachache. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Wavutaji wa sigara hushikwa zaidi. Wenye kisukari hushikwa zaidi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari yao iwe ngumu kudhibitiwa. Wakitibiwa fizi, kipimo chao cha sukari hushuka kwa kiasi kidogo lakini cha kweli. Kwa hiyo anayesema fizi ni jambo dogo, na awaulize wagonjwa wa kisukari.

KAZI YENYEWE

Tiba ya ugonjwa huu ipo. Wala si ya jana. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, aliandika kiasi cha miaka 1000 iliyopita juu ya kukwangua ugaga, na katika kitabu chake alichora vyuma vya kufanyia kazi hiyo. Msingi wa kazi haujabadilika tangu hapo: kinachochochea ugonjwa kimeganda juu ya mzizi wa jino, na hapana budi kiondolewe.

Usafishaji wa kina ni jambo tofauti na kusugua na kung'arisha meno kwa juu. Kwanza daktari au tabibu wa meno hupima kila jino pande zote kwa kijiti cha chuma chenye alama za milimita, ili ajue mifuko iko wapi na ina kina gani. Panapowezekana hupiga picha kuutazama mfupa. Halafu huchoma sindano ya ganzi mahali panapohusika. Ndipo anapoingiza chini ya ufizi chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, au ncha ya mashine inayotetema kwa kasi huku ikirusha maji, na kuukwangua ugaga wote uliogandia mzizini mpaka uso wa mzizi uwe laini. Ufizi uliokuwa umevimba husinyaa, na mahali pengi huushika tena mzizi uliosafishwa.

Kazi hii haifanyiki kwa dakika tano. Kwa kawaida huchukua ziara mbili au zaidi, upande mmoja wa kinywa baada ya mwingine. Baada ya wiki kadhaa mgonjwa hurudi ili mifuko ipimwe upya. Mfuko wa kina cha kati hupungua kwa kiasi cha milimita 1. Ule mrefu zaidi waweza kupungua kwa milimita 2. Mtu asiyejua atazicheka milimita hizo. Lakini mfuko ukitoka milimita 5 ukawa 4 bila ya damu, mgonjwa aweza kuutunza mwenyewe, na jino lililokuwa linakwenda kung'olewa hubaki kinywani likifanya kazi yake.

Ni wajibu pia kusema yale ambayo tiba hii haiwezi. Haiotesha tena mfupa uliokwisha kuliwa. Haimsaidii sana mtu anayeendelea kuvuta sigara. Iko mifuko mirefu inayohitaji upasuaji baadaye, na yako meno yaliyofika mahali ambapo koleo ni haki yake. Wala tiba haina maana kama mgonjwa atarudi nyumbani kuendelea na mazoea ya zamani, kwani utando huota kila siku, na kila baada ya miezi 3 hadi 6 fizi zilizougua hazina budi kutazamwa tena. Daktari husafisha siku chache kwa mwaka. Siku zinazobaki ni za mwenye meno.

KASUMBA

Ikiwa tiba ipo na inajulikana, kwa nini watu huikimbia? Kwanza ni kwa sababu ya uvumi mmoja ambao umeenea kutoka ofisi hadi ofisi na kutoka chumba cha walimu hadi chumba cha walimu: kwamba kusafisha meno hospitali hulegeza meno. Uvumi huu umeng'oa meno mengi kuliko mpiga ngumi yeyote.

Chanzo chake ni rahisi kukielewa. Mtu ambaye mfupa wake umekwisha kuliwa nusu hukaa na meno yaliyoshikamanishwa na ugaga, kama matofali ya ukuta mbovu yaliyoshikwa na tope. Ugaga ukiondolewa, ukweli hufichuka: mianya inaonekana, mizizi iliyo wazi inasisimka kwa maji baridi, na meno yanaonekana kucheza. Basi husema daktari ndiye aliyeyalegeza. Hakika yaliyalegezwa zamani, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyalinda maradhi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Fizi zikipona, msisimko ule kwa watu wengi hupungua, na meno mengi hukaza kuliko yalivyokuwa.

Kasumba ya pili ni ya kuchanganya usafi na urembo. Wako watu wanaoingia kliniki wakitaka meno meupe kama ya picha za matangazo, na ziko kliniki za biashara zilizo tayari kuwauzia weupe huo na kuuita matibabu. Mwananchi aliyekulia Arusha au Kilimanjaro, katika sehemu ambazo maji yake yana madini mengi ya floraidi, anaweza kuwa na meno ya rangi ya kahawia na fizi nzima kabisa. Kukwangua hakutambadilishia rangi yake. Na mwingine anaweza kuwa na meno meupe yanayomeremeta huku mfupa ulio chini unakwisha. Anayeuziwa weupe bila ya kupimwa mifuko yake ameuziwa rangi ya nyumba inayoanguka. Vile vile, anayeambiwa alipie usafishaji wa kina bila ya kipimo hata kimoja kuchukuliwa, ana haki ya kuuliza kina hicho kimejulikanaje.

Kasumba ya tatu ni ya vidonge. Damu ikizidi, mtu hupitia duka la dawa na kununua antibayotiki, anameza siku tatu, uvimbe unatulia kidogo, naye anajiona mjanja. Vijidudu vya fizi hawaelei kinywani wakingoja kuuawa. Wamejenga ngome juu ya ugaga, na dawa peke yake haiibomoi ngome hiyo. Zipo hali ambazo daktari huongeza dawa juu ya kukwangua, lakini kumeza dawa badala ya kukwangua ni kumpigia kelele mwizi aliyekwisha kujifungia ndani.

Kasumba ya nne ni ya wale wanaosema kwamba mababu hawakujua mambo haya. Huo ni uzushi, tena wa kuwakosea heshima mababu. Mswaki unaouzwa leo dukani umepata jina lake kutokana na mti wa mswaki, ambao vijiti vyake watu wa pwani na wa bara wamevitafuna na kusugulia meno tangu zamani. Waliokuwa wakikata kijiti na kukitafuna mpaka kikawa na nyuzi, kila asubuhi na kabla ya sala, hawakuwa wajinga. Wajinga ni wajukuu walionunua mswaki wa plastiki, wakautia ndani ya kikombe bafuni, wakauacha hapo.

WENYE DHAMANA

Hata hivyo si haki kumtupia mwananchi lawama zote. Mgonjwa aendaye hospitali akakuta kwamba kinachopatikana ni koleo na ganzi tu, atang'olewa. Katika huduma za umma za meno hapa nchini, kung'oa ndiyo kazi iliyotawala kwa miaka mingi. Meno mengi yanayong'olewa yameharibiwa kwa kutoboka, na ugonjwa wa fizi ndio unaofuata. Lakini kwa yote mawili jibu limekuwa lile lile. Koleo ni la haraka na linapunguza foleni. Tabibu mmoja mwenye watu 30 mlangoni hawezi kumpa mgonjwa mmoja saa nzima ya kukwanguliwa. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni kuligeuza tatizo la foleni kuwa siasa ya kudumu ya tiba.

Husemwa kwamba mashine ni ghali na umeme hukatika. Hoja hiyo haina uzito. Kazi ya kukwangua chini ya ufizi hufanyika vizuri kwa vyuma vya mkono, ambavyo huchemshwa kwa mvuke, hunolewa, na hutumika tena kwa miaka. Tena nchi hii ndiyo ya mwisho inayoweza kutoa udhuru wa umeme. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ni hapa Tanzania ambapo njia ya kusafisha na kuziba meno yaliyotoboka kwa vyuma vya mkono, bila ya umeme na bila ya mashine, ilianza kutumiwa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu mzima. Nchi iliyoufundisha ulimwengu kuziba jino bila ya umeme haiwezi kusema kwamba inangoja umeme ili iukwangue ugaga.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hakuna wataalamu kabisa. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo madaktari na matabibu wa meno wamekuwa wakitoka vyuoni. Bado ni wachache kwa kulinganisha na watu. Lakini mtaalamu aliyefundishwa kuokoa meno, kisha akapewa koleo peke yake, ni mtaalamu aliyepotezwa. Hatua ya kwanza haihitaji jengo jipya. Kila kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya na iwe na seti za kutosha za vyuma vya kukwangulia, jiwe la kuvinolea, na kijiti cha kupimia mifuko. Kila wiki na zitengwe siku maalumu za fizi, zenye miadi iliyoandikwa, ili mgonjwa wa kukwanguliwa asigombanie kiti na mgonjwa wa jino lililovimba usaha. Na daftari la kliniki lisihesabu meno yaliyong'olewa tu. Lihesabu na meno yaliyookolewa, kwani kiongozi huulizwa juu ya kile kilichoandikwa.

Kuna jambo la bima pia. Tangu mwaka 2001 watumishi wa umma wamekuwa wakichangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kutoka katika mishahara yao. Wengi huihesabu kadi yao kuwa ni ya homa na ya kujifungua, wala hawajapata kuuliza inawapa nini kwa upande wa kinywa. Na waulize, na viongozi wa vyama vyao vya wafanyakazi waulize kwa niaba yao. Bima inayopenda hesabu zake zikae sawa itaona upesi kwamba ni nafuu kulipia fizi zisafishwe mapema kuliko kulipia majipu, ung'oaji, na baadaye meno ya bandia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa kinywani hujengwa kwa bei kubwa.

Kila mwaka ifikapo tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, hotuba husomwa na watoto hupewa miswaki mbele ya kamera. Si jambo baya. Lakini siku moja haitoshi. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika hotuba. Ilikuwa katika jembe lililoshikwa baada ya hotuba kwisha.

WAJIBU

Jembe la kampeni ya fizi liko mkononi mwa mtumishi wa umma na mwalimu kabla ya kuwa mkononi mwa mtu mwingine yeyote. Mtumishi anao mshahara, hata kama ni mdogo, anayo kadi, anayo ruhusa ya kwenda kutibiwa. Mkulima wa bonde la mbali akikosa usafishaji wa fizi, ana udhuru. Afisa anayekaa mwendo wa dakika 10 kutoka hospitali ya mkoa, akangoja mpaka jino licheze, hana udhuru wowote.

Kwa mwalimu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu meno ni zana ya kazi yake. Sauti za th na dh hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa meno ya mbele. F na v hutamkwa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini. Mwalimu wa darasa la kwanza aliyepoteza meno ya mbele anasimama mbele ya watoto 60, anawaambia waseme "thelathini" na "dhahabu", nao hawasikii isipokuwa upepo. Watoto hurudia walichosikia. Halafu watu hushangaa kwa nini Kiswahili cha shuleni kinaharibika. Na mwalimu anayeficha mdomo kwa kiganja kila anapocheka, au anayesimama mbali na mwanafunzi kwa kuogopa harufu ya kinywa chake, amekwisha kupunguziwa sehemu ya heshima yake, na hakuna posho itakayomrudishia.

Yako mambo ambayo hayahitaji waraka kutoka wizarani. Shule yaweza kuanzia kesho kuwasimamisha watoto na miswaki yao, ya dukani au ya mti, kabla ya kipindi cha kwanza, na mwalimu akiwa na wa kwake mkononi. Mkuu wa shule aweza kumpa ruhusa mwalimu aende kupimwa fizi kabla hajaumwa, badala ya kumpa siku tatu za mapumziko baada ya kung'olewa. Mama mjamzito aliye mtumishi, ambaye fizi zake huvimba zaidi katika miezi ile, asiambiwe angoje mpaka ajifungue. Kusafishwa fizi hakumdhuru yeye wala mtoto aliye tumboni. Mvuta sigara aambiwe ukweli kwamba moshi huficha damu ya fizi, hata akadhani amepona kumbe anaoza.

Na kila anayeona damu katika beseni asubuhi na achukue hatua mbili. Ajitahidi kwa wiki mbili kupiga mswaki mara mbili kila siku, kwa utulivu, hadi kwenye mpaka wa ufizi, asiogope damu ile na kuiacha sehemu inayovuja. Damu ikiendelea, au jino likicheza, au fizi zikishuka, aende akapimwe. Akifika asiseme, "Daktari, ning'oe." Aulize: mifuko yangu ni ya milimita ngapi, na je, jino hili laweza kuokolewa? Wagonjwa 10 wakiuliza hivyo kwa siku moja, mganga mkuu atasikia. Wakiuliza hivyo mwaka mzima, vyuma vitaagizwa.

Mtu mzima huota meno mara moja tu baada ya yale ya utotoni. Hayana awamu ya tatu. Yapo meno ya bandia ya kila aina, ya bei ndogo na ya bei kubwa, na aliyekwisha kupoteza ya kwake hana budi kuyashukuru. Lakini Waswahili walikwisha kulipima jambo hili zamani, kabla ya kliniki yoyote kujengwa, waliposema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Koleo nalo si dawa ya fizi. Damu ya kesho asubuhi isisukumwe tena na maji ya bomba. Itazamwe, na mwenye damu hiyo aondoke nyumbani akiwa na safari ya hospitali katika orodha ya kazi zake za wiki.